Usisuuze Haraka: Mba, Mapunye, Fizi na Meno

Mtazame mtu anayetumia shampuu ya dawa ya mba. Anamimina, anasugua mpaka povu linafunika masikio, na kabla hujahesabu hadi ishirini maji yameshapita. Kesho yake asubuhi anapiga mswaki nusu dakika, anasukutua mara tatu kwa kikombe kizima, ladha ya dawa inaisha mdomoni, naye anaona kazi imekwisha. Mara zote mbili dawa imenunuliwa kwa pesa, imefika inapotakiwa, na imefukuzwa kabla haijaanza kazi.

Kichwa na kinywa vinafanana kuliko tunavyodhani. Vyote viwili vina joto, unyevu na chakula, kwa hiyo vina wakazi wa kudumu: fangasi huku, bakteria kule. Hutawamaliza, na hakuna haja. Kinachotakiwa ni kuwapunguzia chakula na kuiacha dawa ikae juu yao muda wa kutosha. Nguvu za mkono hazisaidii, na mara nyingi ndizo zinazoharibu.

Mba haitokani na uchafu

Karibu kila mtu mzima ana fangasi aitwaye Malassezia kwenye ngozi ya kichwa. Anakula mafuta ambayo ngozi inayatoa yenyewe, na mabaki ya mlo wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Ngozi iliyochokozwa hujimenya haraka kuliko kawaida, na hayo ndiyo magamba meupe unayoyakuta mabegani. Ndiyo maana mba huanza wakati wa balehe, tezi za mafuta zinapofunguka.

Ukishaelewa hilo utaona kwa nini ushauri wa "kichwa kimekauka, kipake mafuta" unadanganya. Mafuta huyalowesha magamba, huyabandika kichwani yasionekane, ukapumua siku mbili. Siku ya tatu kunawasha zaidi, maana umemwandalia fangasi karamu. Mafuta yapake kwenye nywele zenyewe, hasa ncha, ngozi iache.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, na inapatikana maduka mengi ya dawa. Kama kichwa kina jeli na mafuta ya wiki nzima, kioshe kwanza kwa shampuu ya kawaida, la sivyo dawa itaishia juu ya mafuta. Suuza. Sasa chukua shampuu ya dawa, vijiko viwili vya chai vinatosha kichwa chenye nywele fupi, gawanya nywele kwa vidole mstari kwa mstari, uipake kwenye ngozi kwa ncha za vidole. Kucha usizitumie, kwa sababu kila mkwaruzo ni mlango wa bakteria. Kisha tazama saa: dakika 5. Jipake sabuni mwilini, sugua visigino, fanya lolote ila kugusa maji ya kichwani. Halafu suuza. Rudia mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Mba ikitulia usiiache kabisa. Mara moja kila wiki moja au mbili inatosha kuizuia isirudi. Watu wengi husema "ile dawa ilifanya kazi kisha ikashindwa". Haikushindwa. Waliiacha, na fangasi akarudi kwenye kiti chake.

Mwenye nywele za kipilipili ndefu asiwe na haraka ya kuosha kila siku ya pili. Nywele hizo hukauka na kukatika upesi, kwa hiyo mara moja kwa wiki inafaa, na kondishena iende kwenye nywele peke yake. Aliyesuka naye hana kisingizio. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, sehemu moja kwa tatu, pitisha mdomo wa chupa kwenye mistari ya msuko, ngoja zile dakika 5, suuza vizuri, kisha kausha mpaka mizizi ikauke kweli. Msuko wa nywele bandia unaolala na maji ndani yake hunuka, na kuwasha huanza upya.

Ikikosekana ketokonazoli, seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5 inafanya kazi hiyohiyo. Vua pete na hereni za fedha kabla ya kuigusa, itazitia weusi. Zinki pirithioni ya asilimia 1 ni ya upole, nzuri kwa mba nyepesi.

Ugonjwa huu ukikomaa hautulii kichwani tu. Hushuka kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, ngozi ikawa nyekundu na yenye magamba ya njano yanayonata. Bado ni jamaa yuleyule, ila sasa anahitaji daktari aongeze dawa ya kupaka. Magamba manene ya rangi ya fedha yanayovuka mstari wa nywele, na mengine kwenye viwiko na magoti, huenda ni soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, na shampuu ya mba haitaitibu. Na mtu mzima ambaye hali hii imemlipukia ghafla, usoni na kifuani, apime VVU kama hajapima karibuni. Ni dalili inayojulikana, na ni bora kujua.

Tiba za jikoni nitazipitia kwa kasi. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi kwelikweli, huacha malengelenge. Limau huchoma palipokwaruzika. Mafuta ya taa kwa ajili ya chawa ni sumu na yanashika moto. Tumia pamethrini ya asilimia 1, dakika 10 kwenye nywele mbichi, kisha rudia baada ya siku 9, kwa sababu mayai hayafi yote mara ya kwanza na yatakuwa yameanguliwa.

Mapunye, mashine na msuko

Mapunye (wengine huita mashilingi) ni fangasi wa namna nyingine, na makosa yanayofanyika hapa ndiyo yanayoacha vipara vya maisha. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa jua umwangalie kwa karibu. Utaona duara au maduara ya rangi ya kijivu, yenye unga wa magamba. Ndani ya duara nywele hazijang'oka. Zimekatika, nyingine kwenye usawa wa ngozi zikabaki vidoti vyeusi. Pitisha vidole nyuma ya shingo: mara nyingi utakuta tezi zimevimba. Mba haifanyi hivyo, na kwa mtoto wa shule ya msingi mba ya kweli si jambo la kawaida. Mtoto wa miaka 6 mwenye "mba" na nywele zilizokatika ana mapunye mpaka ithibitishwe vingine.

Hapa krimu haifai. Fangasi hawa wameingia ndani ya unywele wenyewe, chini hadi kwenye mzizi, na krimu haifiki huko. Dawa ni ya kumeza. Griseofulvini hutolewa kwa wiki 6 hadi 8, kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta au glasi ya maziwa, kwa sababu tumbo tupu haliipokei vizuri. Terbinafini hutolewa kwa takribani wiki 4, kwa uzito: kilo 10 hadi 20 robo ya kidonge cha miligramu 250, kilo 20 hadi 40 nusu, zaidi ya hapo kizima. Mhudumu wa afya ndiye apime uzito na kuandika kipimo. Usikisie kwa macho. Mzazi anachotakiwa kulinda ni muda. Wiki ya tatu nywele huanza kuchipua, kuwasha kunaisha, na dawa inasahauliwa juu ya kabati. Mwezi mmodi baadaye duara limerudi.

Kosa la pili ni ile krimu ya tyubu moja yenye kila kitu ndani: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi. Steroidi hunyamazisha wekundu na muwasho, mzazi akafurahi, huku fangasi wakitanuka chini ya ngozi iliyotulia. Kosa la tatu ni kupasua. Mapunye yakiwaka sana hutoa uvimbe laini wenye usaha, unaofanana na jipu. Usiukamue wala usimpeleke mtu aupasue. Ndani hakuna mfuko wa usaha wa kutoa. Ni mwili unaopigana na fangasi, na unahitaji dawa ya kumeza mapema kabla kovu halijaua mizizi ya nywele.

Shampuu ya ketokonazoli au seleniamu bado ina kazi: hupunguza vimelea vinavyoruka kwenda kwa wengine. Muoshe mgonjwa mara 2 kwa wiki, na ndugu anaolala nao kitanda kimoja waoshwe pia. Kofia, vitana na foronya visichangiwe. Paka na mbwa wadogo nao hubeba aina moja ya fangasi hawa, kwa hiyo mtazame na mnyama wa nyumbani. Mtoto akishaanza dawa anaweza kurudi darasani.

Halafu kuna kinyozi. Lile kabati lenye taa ya bluu huwatuliza wateja, lakini taa hiyo hugusa upande unaoielekea tu, na haipenyi nywele zilizokwama kati ya meno ya mashine. Mpangilio sahihi ni huu: brashi kwanza, mpaka hakuna unywele, kisha spiriti ya asilimia 70 kwenye meno ya mashine, iachwe ikauke yenyewe, kisha tone la mafuta ya mashine. Vitana na vichanio vya plastiki vya mashine vioshwe kwa sabuni, vilowekwe dakika 10 kwenye maji ya klorini. Ile dawa ya kung'arishia nguo yenye asilimia 3.5 (soma lebo) changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, upate asilimia 0.5. Tengeneza upya kila siku. Meno ya chuma usiyaloweke humo, yataota kutu. Wembe uwe mpya kwa kila kichwa, bila mjadala: virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7, kwenye damu iliyokauka usiyoiona.

Vipele vya kisogoni ni suala jingine la kinyozi, na fangasi hahusiki. Unywele wa kipilipili ukikatwa hadi kwenye ngozi hubaki na ncha kali iliyopinda, na unapokua hujichoma tena pembeni. Mwili huuchukulia kama mwiba, unauzungushia uvimbe, uvimbe unakuwa kovu gumu. Acha kunyoa "zero". Mwambie kinyozi aweke kichanio namba 1, ambacho huacha karibu milimita 3. Usikamue, na kola ngumu zipumzike. Vikiwa vichanga daktari wa ngozi huvituliza kwa dawa ya kupaka na antibiotiki ya wiki kadhaa. Vikishaungana kuwa nundu, njia inayobaki huwa ndefu na ya gharama, pamoja na upasuaji.

Kwa wanawake adui mkubwa ni mvuto. Msuko unaohitaji Panadol usiku wa kwanza umebana kupita kiasi, ufumuliwe usiku huohuo. Dalili za mapema ni vipele vidogo vyenye maji au usaha kwenye mstari wa paji la uso na juu ya masikio. Baadaye nywele za pembeni hupungua, ukabaki ukingo mwembamba wa vinyweleo mbele na pengo nyuma yake. Katika hatua hiyo ukiacha kuvuta, nywele hurudi, ingawa ni kwa miezi. Ukiendelea miaka, mizizi hufa na hakuna mafuta ya kuiamsha, hata yauzwe kwa bei gani. Msuko usizidi wiki 6 hadi 8, rasta zisiwe nzito, na baina ya msuko na msuko kichwa kipumzike. Anayetumia dawa ya kunyoosha nywele asikwaruze kichwa siku 3 kabla, apake vaselini kwenye ukingo, dawa iguse nywele mpya tu, na asisuke mpaka ziishe wiki 2. Kuungua si ishara kwamba dawa imeshika. Ni kuungua.

Nywele zinazopungua utosini, katikati, pamoja na muwasho au maumivu ukigusa, usizisubiri. Kuna ugonjwa unaoanzia hapo na kuacha kovu, na kinachookolewa ni kile kilichobaki siku unapofika hospitali.

Ukoga na ugaga

Asubuhi kabla ya kupiga mswaki, pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ule utando wenye utelezi ndio ukoga: bakteria walioshikamana na jino. Mswaki unautoa kwa urahisi. Ukiachwa siku moja hadi tatu, madini ya mate huanza kuugandisha, ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka mkono uchoke. Huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake. Hupenda sehemu mbili, nyuma ya meno ya mbele ya chini na ubavuni mwa magego ya juu, kwa sababu hapo ndipo mirija ya mate inapomiminia.

Fizi huchukia ukoga. Hujaa damu, huvimba, na mswaki ukigusa zinatoka damu. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaona damu, wanaacha kupiga mswaki sehemu ile "ipone". Ukoga unaongezeka, damu inaongezeka. Fanya kinyume. Mswaki wenye nyuzi laini, sehemu ileile, taratibu, asubuhi na usiku. Ndani ya wiki moja au mbili damu itakoma. Isipokoma, kuna ugaga chini ya fizi au kuna jambo mwilini, na kisukari ni la kwanza kuulizwa. Mjamzito fizi zake hutoka damu upesi zaidi. Asiache mswaki wala asiogope kusafishwa meno. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2 husaidia kwa muda: mililita 10, dakika moja, mara 2 kwa siku, nusu saa baada ya kupiga mswaki, na isizidi wiki 2 maana hutia meno rangi ya kahawia.

Sasa mswaki wenyewe. Dawa ya meno iwe na floraidi, soma kwenye tyubu: kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni). Kiasi cha punje ya njegere kinamtosha hata mtu mzima. Ule mstari mrefu wa kwenye matangazo kazi yake ni kumaliza tyubu. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 njegere. Laza mswaki kwa pembe ya digrii 45, nusu kwenye jino nusu kwenye ukingo wa ufizi, utetemeshe kidogo mahali pamoja kama mara kumi, kisha uviringishe kuelekea ncha ya jino. Sogea meno mawili mbele. Anzia ndani, upande wa ulimi, kwa sababu wote huanzia mbele kwenye kioo na wakifika ndani wamechoka. Nusu dakika kila robo ya kinywa, jumla dakika 2. Maliza kwa ulimi. Harufu mbaya ya kinywa mara nyingi hukaa nyuma ya ulimi, na kijiko kilichogeuzwa kinaikwangua vizuri.

Kisha tema. Usisukutue. Floraidi inayobaki kwenye meno ndiyo inayorudisha madini yaliyotoka mchana, na maji ya kikombe kizima huibeba yote. Kama huwezi kuvumilia, funda moja dogo, basi. Mswaki wa usiku ndio usioruhusiwa kukosa, kwa sababu ukilala mate hupungua na kinywa kinabaki bila mlinzi. Na ukila ukwaju, limau au soda ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi imeshalainisha gamba la jino na utalisugua likiwa laini.

Mswaki wa mti (ule wa mti uitwao mswaki hasa, Salvadora persica) ni kifaa kizuri mikononi mwa anayejua kuutumia. Menya sentimita moja ya gome, tafuna mpaka nyuzi zifunguke kama brashi, sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha, jino kwa jino, wala usikate kwa msumeno kutoka kushoto kwenda kulia. Kila siku kata nyuzi za jana ufungue mpya. Udhaifu wake ni upande wa ndani wa magego, mahali ambapo kijiti kinafika kwa shida. Mkaa, majivu na mchanga usivilete kinywani. Vinang'arisha kwa sababu vinakwangua, na gamba la jino likiliwa halioti tena.

Sukari, maji na jino linalouma

Bakteria wakipata sukari hutoa asidi ndani ya dakika chache. Kipimo cha pH kinywani, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5, jino huanza kupoteza madini, na mate huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kurekebisha. Kwa hiyo linalohesabiwa zaidi ni mara ngapi, kuliko kiasi gani. Chai yenye vijiko vitatu pamoja na mandazi, ikanywewa kwa mkao mmoja, ni shambulio moja. Chupa ya soda inayonywewa funda moja moja tangu saa nne hadi saa tisa ni shambulio la saa tano. Ubuyu wa rangi ni hodari zaidi, maana una ukali na sukari kwa pamoja, na hufyonzwa polepole. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa yenye sukari au juisi huoza meno ya mbele ya juu kwanza. Chupa ya usiku iwe ya maji.

Kuna meno ya kahawia ambayo hayahusiani na uchafu hata kidogo. Arusha, Kilimanjaro, Manyara, na upande wa Kenya kwenye Bonde la Ufa kama Nakuru, maji ya ardhini yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huko vinazidi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya taya, toka kuzaliwa hadi karibu miaka 8, meno yanaota yakiwa na madoa meupe, ya njano au ya kahawia, na yale mabaya zaidi yanamomonyoka. Kusugua hakuyatoi, kwa sababu doa liko ndani ya jino. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki na kukolea. Kinachosaidia ni maji ya mvua kwa mtoto mdogo, au chujio la mkaa wa mifupa, kama ambavyo kituo cha Ngurdoto huko Arusha kimekuwa kikifanyia kazi. Magadi ya kupikia maharage nayo hubeba floraidi, yapunguzwe kwenye chakula cha mtoto. Mtu mzima mwenye madoa tayari anaweza kutengenezewa meno ya mbele kwa daktari, na maji hayamwongezei doa tena.

Lingine linalotuhusu wenyewe ni "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, mtu anafunua mdomo, anaona kivimbe cheupe kwenye ufizi, anakichokoa kwa kitu chenye ncha. Kile ni chipukizi la chonge, jino la kawaida kabisa ambalo bado halijatoka. Kuhara kuna sababu yake na kunahitaji maji ya chumvichumvi ya kunywa (ORS) na zahanati. Kinachopatikana kwa kuchokoa ni damu, maambukizi, na mara nyingi chonge la ukubwani linaloota limepinda au lisiloota kabisa.

Jino likiuma kwa baridi kwa sekunde chache kisha likatulia, bado lipo kwenye hatua ya kuzibwa. Likiuma lenyewe usiku, likapigapiga, likaendelea dakika nyingi baada ya chai ya moto, kiini kimeshaingiliwa: ni kutibiwa mzizi au kung'olewa. Antibiotiki haitibu tundu la jino. Inapunguza uvimbe, unajiona umepona, na jino linaendelea kuoza kimyakimya. Kwa maumivu mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula ina nguvu zaidi kwa jino, ila si kwa mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo. Tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba, ndani ya tundu, hutuliza kweli. Likimwagika kwenye ufizi huunguza. Aspirini imezwe, isibandikwe kwenye ufizi. Na uvimbe unaoshuka chini ya taya, mdomo usiofunguka, mate yasiyomezeka au homa kali si mambo ya kusubiri Jumatatu. Nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Jino likishang'olewa, uma shashi nusu saa bila kuchungulia. Damu inayoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko chake, na kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara wala kunywa kwa mrija. Siku ya pili anza maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, baada ya kila mlo, ukiyaacha yatiririke yenyewe mdomoni. Maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua, pamoja na harufu mbaya, yana maana kifuniko kimetoka na mfupa uko wazi. Rudi kwa aliyeling'oa, alisafishe shimo na kuweka dawa.